Miaka Yangu ya Kufuma Mikono

Nilipopata kazi kwenye karakana ya masweta kule Pasua, mjini Moshi, nilimwambia mama yangu kwamba nimeajiriwa kiwandani. Haukuwa uongo mtupu. Mashine zilikuwepo, kelele ilikuwepo na bosi alikuwepo. Kilichokosekana ni kiwanda. Tulikuwa kwenye chumba kimoja kirefu nyuma ya nyumba ya bosi wetu, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu, na kuku wake walikuwa wakiingia wapendavyo kukagua makapi ya uzi. Tulifuma masweta ya shule kwa mashine za mkono, zile unazosukuma kwenda na kurudi kama mtu anayepiga pasi kitambaa kisichoisha.

Mwanzoni nilikuwa wa kwanza kufika. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa pili, na bosi alikuwa akifungua mlango ananikuta nimesimama nje, shati limenyooka, nywele zimechanwa, kama bwana harusi aliyekosea siku. Nilitaka kujua kila kitu. Niliuliza kwa nini uzi huu na si ule, kwa nini sindano hii inaruka kitanzi, kwa nini mgongo unaanzia chini. Bosi alinipa kazi ya kufuma mikono, akasema ndiyo nyepesi kwa anayeanza. Nikaamini neno "anayeanza" maana yake ni kwamba ipo siku nitaacha kuanza.

Sweta la shule lina shingo ya V, na humo ndimo ufundi wote umejificha. Mgongo ni mraba tu. Mkono unapanuka taratibu kadiri unavyopanda. Lakini shingo ni lazima ugawe vitanzi katikati, upande mmoja ukae ukisubiri huku wa pili unaendelea, halafu urudi uufuate ule uliousubirisha, na pande zote mbili zikutane zinalingana. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja, dada wa makamo aliyekaa pale muda mrefu kuliko sisi wote. Akifika kwenye shingo, alikuwa akitundika kanga kwenye kamba iliyopita kati ya mashine yake na zetu. Kanga yenyewe ilikuwa na maandishi ya kusifu ukarimu.

Siku moja nilijikaza nikamfuata.

"Dada, naomba siku moja nikae hapa nione unavyofanya shingo."

"Umemaliza mikono?"

"Nimemaliza."

"Fuma mingine."

Nikafuma mingine. Tatizo la mikono ya sweta ni kwamba wa kushoto na wa kulia ni kitu kilekile, kwa hiyo hata ile burudani ya kujiuliza leo nafuma upi huipati. Nilimwendea bosi, nikamwomba aongee na dada wa shingo anifundishe. Akavua miwani.

"Mwanangu, mimi nilishamfundisha mtu kila kitu. Nilimfundisha mpaka kufunga vifungo. Leo ana karakana yake Bomang'ombe, na nusu ya wateja wangu. Hapa kila mtu akae na kipande chake, tutafika salama."

Ilikuwa hoja yenye jeraha ndani yake, na mimi nilikuwa nimetoka nyumbani na maandazi matatu tu tumboni, nikarudi kufuma mikono. Lakini tangu siku hiyo kitu kilianza kunitoka taratibu, kama upepo kwenye tairi lenye msumari mdogo. Sikukasirika. Ningekasirika ningeacha kazi. Niliendelea kuja, ila nilikuwa nakuja kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa asiyemfahamu vizuri. Nilianza kuchelewa. Nilianza kujua chai inaiva saa ngapi bila kuangalia saa. Mikono yangu ikaanza kutofautiana, mpaka shule moja ikarudisha sweta ambalo mkono mmoja uliishia kwenye vidole na wa pili uliishia pale mtu anapovaa saa.

Bosi aliniwekea lile sweta mbele yangu.

"Watoto wanakua, mama," nikasema.

"Mkono mmoja mmoja?"

Mwisho wa wiki nilikuwa napanda nyumbani Kibosho. Mama yangu anapika pombe ya mbege, na kijiji kizima kinajua anavyoipika kwa sababu yeye mwenyewe anawaambia: ndizi ziive kiasi gani, ulezi uote siku ngapi, moto uuache lini. Nilimlalamikia habari za dada wa shingo. Mama akaendelea kumenya ndizi.

"Sasa mama," nikamuuliza, "ukiwafundisha majirani hivi, hawakuchukulii wanywaji?"

"Wanachukua."

"Na wewe?"

"Mimi siku mbege yangu ikiharibika nakwenda kunywa kwao."

Nilirudi Pasua nikiwa sijasaidika. Nilitaka aniambie kwamba nimeonewa.

Kisha nikapata siri yangu mwenyewe. Ilikuwa kiangazi, vumbi kila mahali, na uzi ulikuwa umekauka, unakatika hovyo. Kila ukikatika unasimama, unafunga fundo, unaendelea, unakatika tena. Umeme ulikuwa umekatika juzi yake na kipande cha mshumaa kilikuwa kimeanguka kwenye boksi langu la uzi. Nikaona ajabu: siku hiyo uzi wangu ulipita laini, haukatiki. Nilipoinama kuangalia, nikakuta uzi unapanda kutoka kwenye koni huku ukijisugua kwenye ule mshumaa. Nta ilikuwa inaulainisha.

Mtu mwenye akili timamu angesema, "Jamani, njooni muone." Mimi nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikauchukua ule mshumaa nikauficha ndani ya soksi.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu mpya. Nikarudi kufika mapema, ili niupake uzi wangu nta kabla wengine hawajaja. Nikaanza kutembea na kifua mbele. Wenzangu wakiwa wanafunga mafundo na kuguna, mimi nasukuma mashine yangu kwenda na kurudi kwa madaha, nikiangalia dari. Mmoja akiniuliza mbona wangu haukatiki, nilikuwa najibu kwa upole wa mtu aliyepewa karama:

"Ni mkono tu."

Joto la Moshi si rafiki wa mshumaa kwenye soksi. Mchana nta ilikuwa inalainika na kunigandia kwenye kifundo cha mguu, na jioni nilikuwa naibandua kwa kucha. Niliona hayo ni mateso ya kawaida kwa mwenye elimu.

Hali ilikuwa hivyo alipokuja mfumaji mpya, mwanamke kijana kutoka Sanya Juu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea akiwa upande wa pili wa shamba. Siku yake ya kwanza aliwaamkia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, akaketi, akaanza kusema kila alichokijua. Alisema sindano ikipinda usiinyooshe kwa koleo, itavunjika. Alisema vile vyuma vizito vinavyovuta kitambaa chini vihamishwe kila kitambaa kinapoongezeka. Hakuna aliyemuuliza. Alipomaliza tukatazamana kama watu waliogongewa mlango na mgeni aliyebeba zawadi kubwa mno.

Sote tulimshuku, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa washukiaji. Nilijiambia hakuna mtu anayetoa bure. Ama bosi amemweka atupime, ama anatutega. Kwa hiyo aliponiambia, "Kaka, ukipiga pasi usiguse lile pindo la chini linalobana kiunoni, litalegea," nilitabasamu moyoni. Mtego huo. Nilichukua sweta zuri, nikaweka kitambaa kibichi juu ya pindo, nikalikandamiza kwa pasi ya moto kwa nguvu zangu zote.

Pindo likafunguka. Likalala wazi kama sketi ya mwanakwaya na halikurudi tena. Nilijaribu kulivuta, nikalilowesha, nikalisemesha. Yule wa Sanya Juu alipita nyuma yangu, akasimama, akaangalia.

"Nilikuambia usiguse," akasema.

"Nilikuwa najaribu kitu," nikamjibu.

"Na kimekujibu?"

Alitengeneza pia kundi la WhatsApp la wafumaji. Kila jioni alikuwa akituma ujumbe wa sauti kueleza jambo moja: namna ya kuokoa kitanzi kilichodondoka, namna ya kuunga bega lisionekane. Mimi nilizima zile alama za bluu ili asijue nimesikiliza. Nilikuwa nalala chumbani na spika za masikioni, nasikiliza ujumbe uleule mara kadhaa, halafu kesho yake nafanya alivyosema na kuweka sura ya mtu aliyegundua mwenyewe. Dada wa shingo hakuwemo kwenye kundi. Alisema simu yake haina nafasi.

Mwezi wa kumi na mbili ndio mwezi wetu, kwa sababu Januari shule zinafunguliwa. Mwaka huo, kazi ikiwa imejaa mpaka mlangoni, dada wa shingo alipigiwa simu kwamba amefiwa na baba yake mdogo. Akapanda Rombo msibani. Huwezi kumwambia mtu wa kwetu aharakishe msiba. Mikono, migongo na vifua vikaanza kurundikana, lundo la masweta yasiyo na shingo, na bosi akawa anazunguka chumbani akisemasema maneno ya mahesabu ya darasani.

Yule wa Sanya Juu akainuka. Akachukua sweta moja lililokamilika.

"Mama, naomba ruhusa nilifumue hili. Tulirudishe nyuma taratibu tuone shingo ilivyoingia."

Bosi alifikiri sana. Nafikiri alikuwa anaiona Bomang'ombe nyingine ikizaliwa mbele ya macho yake. Mwishowe akasema, "Fumueni," akatoka nje, kama mtu asiyetaka kuona mwanawe akichomwa sindano.

Tukakaa sisi wafumaji wote kuizunguka ile shingo. Mmoja anavuta uzi, mwingine anahesabu vitanzi kwa sauti, mimi nashika taa ya simu. Mstari kwa mstari sweta likatueleza lilivyotengenezwa. Pale lilipogawanyika nikaisogeza taa mpaka ikakaribia kugusa uzi. Saa ya kuondoka ilipita na hakuna aliyeinuka. Mimi, niliyekuwa na kawaida ya kufunika mashine robo saa kabla ya muda, ndiye niliyesema tuendelee. Nilishangaa kusikia ni sauti yangu.

Asubuhi yake tukafuma shingo yetu ya kwanza. Ilipendeza. Pande mbili zilikutana vizuri, V ikasimama. Nikajitolea kuijaribu. Nilipitisha kichwa, kikafika kwenye masikio, kikakataa kuendelea. Nikarudi nyuma, kikakataa pia. Tulikuwa tumesahau kwamba shingo inatakiwa kuvutika. Nikabaki humo ndani, giza la bluu ya shule, mikono juu, nikisikia wenzangu wakishauriana kuhusu kichwa changu kama fundi na mteja wanavyoshauriana kuhusu kabati lisilopita mlangoni.

Hapo mlango ukafunguliwa nikamsikia bosi akisema, "Na hapa, mwalimu, ndipo mafundi wangu wanapofanyia kazi."

Alikuwa amemleta mwalimu mkuu aliyekuja kukagua masweta ya shule yake.

"Huyu ni nani?" mwalimu akauliza.

"Huyu ni wa mikono," bosi akajibu.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema kutoka ndani ya sweta. Niliona adabu isipotee na vyote vingine.

Walinitoa wakivutana, na sikio langu la kushoto liliuma mpaka jioni. Lakini shingo ya pili ilipita kichwani, na ya tatu ikapita bila maumivu. Dada wa shingo aliporudi kutoka msibani, alikuta shingo zetu zimening'inia kwenye kamba ileile aliyokuwa akitundikia kanga.

Sote tulikuwa tumesimama, na nitasema kweli, nilikuwa nimejiandaa kufurahia uso wake. Nilikuwa nimeungoja muda mrefu. Akashusha shingo moja, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye ncha ya V.

"Hapa mmekaza mno. Itakatika mtoto akivuta."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaketi kwenye kiti chake, mkoba bado begani, na ile furaha niliyokuwa nimeiandaa sikujua pa kuiweka.

Wakati wa chai ndipo alipotuambia. Kabla ya kuja Pasua alifuma kwenye karakana nyingine. Aliambiwa afundishe wasichana wawili kazi yake, akawafundisha kwa moyo, mpaka makosa yao akawa anayafumua yeye. Walipoiva, mwenye karakana akamwambia asante, sasa tunao wawili, pumzika.

"Nilipumzika mwaka mzima," akasema. "Kwa hiyo nyie mnaniona mchoyo. Mimi naona nilikuwa nalinda kiti."

Yule wa Sanya Juu, kwa mara ya kwanza tangu aje, alikosa la kusema. Bosi alikuwa mlangoni na kikombe chake.

"Mimi sitakufanyia hivyo," bosi akasema.

"Sema mbele ya hawa, mama. Kwamba nikiwafundisha, sitaambiwa nipumzike."

Bosi akaweka kikombe chini, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa, akasema mbele yetu sote kwamba dada atafundisha na kiti chake kitabaki chake, na kwamba hakuna shingo itakayotoka mlangoni bila yeye kuikagua. Dada akaitikia kwa kichwa. Akamaliza chai yake bila haraka, akatukalisha, akaanza kutufundisha, na ndipo tulipojua kwamba ile shingo tuliyojivunia ilikuwa na makosa mengine manne.

Hali ile ilinigusa. Nikaona sasa ni zamu yangu kutoa. Kesho yake, chai ilipomiminwa, nilisimama, nikakohoa, nikasema kwamba na mimi ninacho kitu ambacho nimekuwa nacho kwa muda mrefu, na nimeona si vizuri kukaa nacho peke yangu. Nikavuta suruali juu. Nikaingiza mkono kwenye soksi. Nikautoa mshumaa, nikauinua.

"Ukipaka uzi nta hii," nikasema polepole, ili wasikose neno, "haukatiki."

Wakatazamana. Dada wa shingo akafungua droo yake akatoa kipande cha nta kikubwa kama sabuni ya kufulia, kimechimbika mifereji ya uzi wa miaka na miaka. Yule wa Sanya Juu akaonyesha mshumaa uliofungwa kwa waya kwenye mguu wa mashine yake, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angeuona.

"Mnajua?" nikauliza.

"Kaka, unanukia mshumaa tangu kiangazi," akasema wa Sanya Juu. "Mwanzoni tulidhani ni mambo ya kanisa lenu."

"Sasa mbona hamkusema?"

Dada wa shingo alipuliza chai yake. "Kilikuwa kinakuleta kazini mapema. Tukasema tukuache nacho."

Nilikaa chini. Nilijaribu kukumbuka ni lini uzi wao uliacha kukatika, na sikukumbuka, kwa sababu nilikuwa naangalia dari.

Tangu hapo nilifuma shingo. Nilifuma vibaya kwanza, halafu wastani, na siku dada alipoipitisha shingo yangu bila kuirudisha, nilipanda Kibosho nayo kumwonyesha mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kiwandani hawatulishi, maana nimekonda.

Hofu ya bosi nayo haikuwa ya bure, maana mwaka uliofuata yule mfumaji wetu aliaga akaenda kufungua karakana yake kwao Sanya Juu, karibu na soko. Bosi alinuna. Kwa muda alikuwa akipita karibu na mashine iliyobaki wazi anaifuta vumbi kwa nguvu zaidi ya ilivyohitaji. Lakini kundi la WhatsApp halikufa, na ujumbe wa sauti wa kila jioni uliendelea kuja, sasa ukiwa na mbuzi wanaolia kwa nyuma.

Majuzi nilikwenda Sanya Juu siku ya gulio nikapita kwake. Alikuwa anafuma shingo kwa namna nyingine kabisa, anaanzia juu kwenye mabega anashuka. Nikaomba anionyeshe. Akasogeza kiti. Nilirudi Pasua nikawaambia wenzangu kabla hata sijavua koti, tukafuma moja ya kushuka na moja ya kupanda, tukaziweka mezani. Dada wa shingo alisema ya kushuka ni uvivu uliopewa jina zuri. Mimi nikaitetea. Bosi alikuja kuamua, akavaa miwani, akazivuta zote mbili, akasema yeye haoni tofauti. Hapo ndipo tulipoanza kubishana kweli, chai ikapoa mezani, na kuku mmoja akapata nafasi ya kupanda kwenye kiti changu na kukitumia atakavyo.